Jina la Chuo au Wodi ya Kujifunzia: Mzazi na Kijana Waangalie Nini Kabla ya Kuchagua Shule ya Udaktari

Kila msimu wa udahili swali hili huturudia sisi tunaofundisha wanafunzi wa udaktari, na mara nyingi anayeuliza ni mzazi. Kijana wake amepata nafasi mbili. Ya kwanza iko katika chuo chenye jina kubwa ambacho ada yake itaiacha familia na madeni ya miaka. Ya pili iko katika chuo ambacho majirani hawajawahi kukisikia. Je, akisoma huko kusikojulikana, atakuwa daktari kamili?

Atakuwa, mradi chuo hicho kiwe na ithibati, yaani kimekaguliwa na kukubaliwa rasmi kufundisha udaktari, na kiwe na wagonjwa wa kutosha wa kujifunzia. Nasema hivyo bila kusita. Jina lina faida zake, na nitazieleza, ila kinacholijenga jina si kile kinachomjenga daktari.

Chukua orodha za vyuo bora zinazotolewa kila mwaka. Nyingi hutoa uzito mkubwa kwa fedha za utafiti, idadi ya machapisho, na maoni ya wasomi wa vyuo vingine. Hakuna anayeingia wodini usiku kuangalia kama mwanafunzi wa mwaka wa nne anajua kusikiliza kifua cha mtoto. Januari 2023, shule ya udaktari ya Harvard ilitangaza kwamba haitapeleka tena takwimu zake kwenye orodha ya U.S. News, chombo cha habari cha Marekani kinachopanga vyuo kwa nafasi, na ndani ya mwezi huohuo Stanford, Columbia na Chuo Kikuu cha Pennsylvania zikafuata. Hizo ni shule zilizokuwa zikinufaika na orodha hiyo, na bado ziliona vipimo vyake havionyeshi ubora wa mafunzo.

Sasa tuwatazame wagonjwa, maana wao ndio mwisho wa safari yote hii. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa wazee waliolazwa katika hospitali za Marekani na kutibiwa na madaktari wa magonjwa ya ndani. Watafiti waliuliza: aliyetibiwa na daktari wa shule iliyo juu katika orodha ya U.S. News, je, alipona zaidi? Vifo ndani ya siku 30 havikutofautiana. Waliorudi kulazwa tena walikuwa asilimia 15.7 kwa madaktari wa shule 10 za kwanza, na asilimia 16.1 kwa madaktari wa shule za nafasi ya 50 na kuendelea. Gharama nazo zilipungua kidogo kwa wale wa shule za juu. Tofauti ipo, sikatai, lakini ni ndogo mno kulinganishwa na hofu ninayoiona machoni mwa wazazi. Mwaka mmoja kabla, watafiti walewale kwa sehemu kubwa walikuwa wamelinganisha madaktari waliosoma ndani ya Marekani na waliosoma nje. Wagonjwa wa waliosoma nje walifariki kidogo zaidi au kidogo pungufu? Pungufu: asilimia 11.2 dhidi ya 11.6. Wengi wa madaktari hao walitoka vyuo ambavyo havimo kabisa katika orodha zinazosifiwa.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa kila kijana anayetaka udaktari aufahamu. Ulitoka mwaka 2009 katika jarida la kitabibu la JAMA. Watafiti walikusanya kumbukumbu za uzazi zaidi ya milioni 4.9 katika majimbo ya Florida na New York, kuanzia 1992 hadi 2007. Akina mama hao walizalishwa na madaktari bingwa 4,124 waliosomea ubingwa katika programu 107. Watafiti wakazipanga programu hizo kwa kiwango cha matatizo makubwa yaliyowapata akina mama, kisha wakafuata nani alizalishwa na nani. Waliohudumiwa na madaktari waliotoka katika kundi la chini kabisa la programu walipata matatizo kwa asilimia 13.6. Wa kundi la juu, asilimia 10.3. Tofauti hiyo ni karibu theluthi moja, na ni ya kuchanwa vibaya, kuvuja damu, kupata maambukizi. Ilionekana hata miaka mingi baada ya daktari kumaliza masomo. Alama za daktari katika mitihani ya leseni zilipoingizwa katika hesabu, tofauti haikuondoka.

Hapo ndipo moyo wa jambo hili ulipo. Mahali unapofundishwa huacha alama, na alama hiyo huingia kupitia kwa mikono unayoitazama ikifanya kazi. Daktari mchanga huiga. Akimwona bingwa wake ananawa mikono kabla ya kila mgonjwa, atanawa. Akimwona anakimbilia kisu pale subira ingetosha, naye atakimbilia kisu kwa miaka 30. Kwa hiyo tunaposhauri, tunamwambia kijana atumie nguvu zake nyingi kuchagua hospitali ya mafunzo kwa vitendo na ya ubingwa kuliko kuhangaikia jina litakaloandikwa kwenye shahada ya kwanza.

Jina linasaidia wapi basi? Linasaidia sana kwa anayetaka kuwa mtafiti: maabara, wasimamizi na fedha za utafiti hukusanyika katika vyuo vichache. Linasaidia pia kwenye fani za ubingwa zinazogombaniwa. Marekani ilipoacha kutoa alama za hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni mwaka 2022, ikabaki kufaulu au kutofaulu tu, wengi wetu tulihofia kwamba wasimamizi wa ubingwa wangeanza kuegemea jina la chuo kuchuja waombaji. Uingereza ilikwenda upande mwingine: kuanzia mwaka 2024 wahitimu hupangiwa vituo vya miaka ya kwanza ya kazi kwa kufuata chaguo lao na namba inayotolewa na kompyuta, bila kuangalia alama. Kila nchi ina mlango wake, na ni vizuri kuujua ule unaokusudia kuupitia.

Kuhusu ithibati sitalegeza neno. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu wa Kimarekani, alitoa ripoti baada ya kuzungukia shule 155 za udaktari Marekani na Kanada. Alikuta shule zisizo na maabara, zisizo na hospitali, zinazopokea yeyote mwenye ada. Nyingi zilifungwa au kuunganishwa. (Usafi huo ulikuwa na dhuluma ndani yake: kati ya shule saba zilizowafundisha Wamarekani weusi zilibaki mbili tu, Howard na Meharry. Mwaka 2010, watafiti walipozipima shule kwa kuangalia nani anatoa madaktari wa jamii zenye upungufu, tatu za kwanza zilikuwa Morehouse, Meharry na Howard.) Shule za aina aliyoikuta Flexner bado zipo duniani. Nimewahi kuketi na mhitimu aliyerudi na shahada mkononi, na baraza la madaktari likakataa kumsajili. Miaka sita ya masomo. Sikuwa na la kumwambia.

Kabla ya kulipa chochote, liulize kwa maandishi baraza la nchi ambako kijana anataka kufanya kazi kama linakitambua chuo hicho. Ipo Orodha ya Dunia ya Shule za Udaktari, ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye intaneti, lakini chuo kuwemo humo hakumaanishi kina ithibati. Wakala wengi wa udahili hulinyamazia hilo.

Kisha nenda chuoni. Omba kuona wodi wakati wa raundi, madaktari wanapowazungukia wagonjwa, na uhesabu wanafunzi waliozunguka kitanda kimoja. Wakiwa 30, wa nyuma hawaoni mgonjwa, wanaona migongo ya wenzao. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mbali na ofisi ya udahili, umuulize amezalisha akina mama wangapi kwa mikono yake mwenyewe, na usiku wa zamu ni nani husimama kando yake.