Je, wajua kwa nini "changamoto" inaidhoofisha barua yako?

Tuseme kikundi cha wakausha dagaa cha mwalo mmoja (mahali mitumbwi ya uvuvi inapofikia) hapa Mwanza kinaomba kusogezewa tarehe ya marejesho ya mkopo. Katibu anaandika: "Kutokana na changamoto mbalimbali zilizojitokeza katika kipindi husika, hatukuweza kufanya marejesho kwa wakati." Sarufi haina kosa. Lakini aliyeipokea barua hajaambiwa kitu, maana sentensi hiyohiyo ingeweza kuandikwa na dereva wa bodaboda, fundi cherehani au mkulima wa pamba wa Kwimba.

Hapo ndipo penye jibu. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alionesha kwamba kiasi cha habari kilichomo katika ujumbe hutegemea ugumu wa kuubashiri. Neno ambalo msomaji amekwisha kulitarajia humwongezea kidogo mno. Watafiti wanaofuatilia mwendo wa macho wakati wa kusoma nao wameona kwamba maneno yanayobashirika husomwa upesi, na jicho huyaruka kabisa mara nyingi zaidi kuliko yasiyobashirika. Kwa hiyo unapoandika "changamoto mbalimbali", msomaji huenda asiyatazame maneno hayo sawasawa.

Sasa muulize katibu huyo kwa mdomo nini kilitokea. Atakueleza vizuri sana: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa kuwa mwanga ndio unaowavuta. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu tena na mitumbwi hukaa nchi kavu. Giza liliporudi ikanyesha mvua, na dagaa walioanikwa mchangani wakaoza. Yote haya aliyajua, ila neno moja la kuazima ofisini likayafunika. Barua yake ingesomeka hivi: "Mitumbwi haikuingia ziwani wakati wa mbalamwezi. Giza liliporudi, mvua iliozesha dagaa tuliokuwa tumewaanika. Tunaomba kulipa mwisho wa giza lijalo." Ofisa wa mikopo sasa ana jambo la kupima.

Ndiyo maana kutafuta kisawe hakusaidii. Ukiondoa "changamoto" ukaweka "vikwazo", mvua bado haijatajwa.

Mimi linalonikera zaidi ni "kuweza". "Tuliweza kukutana" ni "tulikutana" tu. Libakize pale ambapo uwezo wenyewe ndio habari. "Kufanya ukaguzi" ni kukagua, na "zoezi la upimaji wa samaki" ni kupima samaki. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, na ni hasara kukinyang'anya kazi hiyo ili kuipa nomino ndefu. "Kimsingi", "kwa kweli" na "hivyo basi" jaribu kuzifuta. Mara nyingi maana haitatikisika.

Kuyagundua maneno ya namna hii ni rahisi. Soma kwa sauti, au andika neno unalolishuku kwenye sehemu ya kutafutia ya simu uone limejitokeza mara ngapi katika ukurasa mmoja.

Usiogope, hata hivyo, kurudia jina la kitu chenyewe. Waandishi wengi wakishataja dagaa mara mbili huona haya, wakaanza "kitoweo hicho", kisha "rasilimali hiyo", na msomaji akabaki akijiuliza kama bado wanazungumzia dagaa au wamehamia kwenye mitumbwi.