Aliyemeza dawa ya mionzi msimtenge miezi na miezi

Kila nikishuka Malindi lazima niulizwe aliyemeza dawa ya mionzi atengwe mpaka lini, watu wanajua kazi yangu ni fizikia ya tiba, na anayeuliza mara nyingi ana dada au mama aliyemeza kidonge cha ayodini ya mionzi kule Nairobi kwa ajili ya tezi ya shingo, na mpaka leo sahani yake iko mbali, kikombe chake mbali, wajukuu wakimsogelea wanaitwa, na miezi imeshapita. Miezi jamani! Inaniuma kwa kweli.

Dawa yenyewe ni ayodini 131. Tezi ya shingo inatengeneza homoni zake kwa ayodini, kwa hiyo inaivuta yenyewe kutoka kwenye damu, iwe ya chumvi iwe ya kidonge, haibagui. Atomu ya hii ayodini haijatulia, wakati wake ukifika inatema chembe ya beta ambayo inakwenda kama milimita 2 tu mwilini na kuua seli za hapo hapo, pamoja na mionzi ya gama ambayo yenyewe inapenya mpaka nje. Ikishatema inageuka zenoni, gesi iliyotulia, basi, imemaliza.

Atomu gani itatema leo na gani wiki ijayo hakuna ajuaye, lakini kwa vile ni nyingi mno, kila siku 8 nusu ya zilizobaki zinakuwa zimekwisha, ndiyo tunaita nusu-maisha. Uichemshe, uigandishe, uikamulie ndimu, ni siku 8 zile zile. Siku ya 16 imebaki robo, ya 24 thumuni, ya 80 haifiki hata sehemu moja ya elfu. Na hapo nimehesabu kama vile yote inakaa mwilini, na haikai, ile ambayo tezi haikuichukua nyingi yake inatoka kwa mkojo siku mbili tatu za mwanzo.

Ndiyo maana siku za mwanzo masharti ni makali na myafuate kweli: alale peke yake, choo aflashi mara mbili, vyombo vyake vioshwe mbali, watoto na wajawazito wakae mbali naye. Umbali unasaidia sana, ukitoka mita 1 ukasimama mita 2 mionzi inayokufikia inabaki robo. Idadi ya siku atapewa na daktari kulingana na dozi, zikiisha zimeisha, mrudishieni mtoto mapajani.

Sisi wa pwani tuna letu jingine. Wengi, hasa wa saratani ya tezi, wanaambiwa wapunguze ayodini kwenye chakula wiki moja au mbili kabla ya dawa, na hapa kwetu hiyo maana yake hakuna samaki wa kupaka, hakuna kamba, hakuna pweza, na chumvi ya dukani yenye ayodini pia hapana. Mama anaona akila kasamaki kadogo si kitu. Ni kitu! Tezi ikishashiba ayodini ya baharini, ya kidonge inapita tu.

Na akina dada, kunyonyesha kunasimamishwa kabla ya dawa, mtoto huyo harudishwi ziwani tena, na mimba isubiri angalau miezi 6. Hilo msilifupishe hata kama mionzi imekwisha.