Kupiga Hodi KwaMashu

Ushauri mwingi ulioko mtandaoni kuhusu kutembelea vitongoji vya Afrika Kusini umeandikwa kwa ajili ya Mzungu. Anaambiwa asipige watoto picha, asigawe pipi dirishani, asikodoe macho akiona bati. Ni sawa. Lakini mgeni anayetoka Mbagala au Kisauni hana haja ya kufundishwa kutoshangaa bati. Yeye ana ugonjwa wake: kwa kuwa ni Mwafrika, na kwa kuwa akisikia maneno ya Kizulu kama *umuntu*, *inyama* na *inkukhu* anaelewa bila mkalimani, anaona amefika nyumbani. Hajafika. Ni mgeni, na kwa mambo fulani ni mgeni zaidi kuliko Mjerumani.

Mimi naongoza watalii Durban, na wageni wangu wengi ni wa Dar, Arusha, Mombasa na Nairobi. Wakishamaliza ufukwe wanaomba wapelekwe "kwa Wazulu wenyewe". Wengine wana picha ya nyumba za msonge, ngao za ngozi na vijana wanaorusha miguu juu. Vijiji vya namna hiyo vipo, vimetengenezwa kwa ajili ya watalii na tiketi zinauzwa mlangoni. Lakini Wazulu kwa mamia ya maelfu wako kwenye vitongoji vya Durban, yaani KwaMashu, Ntuzuma, Inanda na Umlazi, na alfajiri wanagombania teksi kama wewe unavyogombania daladala.

Ukitaka kwenda huko, jua kwanza unakanyaga wapi. Hadi miaka ya 1950 Waafrika wengi wa Durban waliishi Cato Manor, penyewe wakipaita uMkhumbane, vilimani karibu na katikati ya mji. Wengi walikuwa wapangaji kwenye ardhi ya Wahindi. Serikali ya ubaguzi ikaamua kupasafisha. Kuanzia 1958 familia zilihamishiwa KwaMashu, karibu kilomita 20 kaskazini, kwenye ardhi iliyokuwa ya miwa. Jina lenyewe linatokana na Marshall Campbell, tajiri wa sukari. Nyumba zilijengwa kwa ramani za serikali, maarufu zikiwa 51/6 na 51/9: vyumba vinne, mita za mraba 40 hivi, safu kwa safu, kila eneo likipewa herufi. Mpaka leo mtu akikuambia anakaa K, anataja seksheni yake.

Nyingi ya nyumba hizo sasa hazitambuliki. Zimeongezwa chumba cha nyuma cha kupangisha, vigae, geti la chuma, gari uani. Kwa hiyo ukimwambia mama mwenye nyumba, "Kumbe mnaishi vizuri hivi!", umemtukana huku unatabasamu. Ulitegemea nini?

Jambo linalowatatiza wageni wangu kuliko yote ni pombe, na hapa nitakaa kidogo. Sheria ya 1908 ya Natal, koloni ambalo Durban ilikuwa ndani yake, iliipa halmashauri ya mji nafasi ya kuhodhi utengenezaji na uuzaji wa pombe ya mtama kwa Waafrika. Durban ikafungua kumbi zake za pombe, na faida yake ikalipia mabweni, polisi na usimamizi wa Waafrika haohao. Yaani mtu mweusi aligharamia minyororo yake kwa kikombe. Miji mingine ikaiga. Mwanamke aliyepika pombe nyumbani, kazi ambayo tangu zamani ni ya mwanamke wa Kizulu, akawa mhalifu. Polisi walivamia na kumwaga. Juni 1959 wanawake wa Cato Manor walichoka. Waliingia kwenye ukumbi wa halmashauri na fimbo, wakawatimua wanaume waliokuwa wanakunywa, wakamwaga pombe, na ghasia zikaenea Natal. Januari 1960 polisi tisa waliuawa hukohuko Cato Manor katika msako, na bomoabomoa ikaendelea.

Sasa bibi wa KwaMashu anapoweka mbele yako *ukhamba*, kile chungu cheusi, chenye *umqombothi* ndani na kifuniko cha ukili juu, anafanya jambo ambalo mama yake angeweza kulazwa rumande kwa ajili yake. Usilichukulie kama onyesho. Mwenyeji ataondoa povu na kuonja kwanza, ili ujue hakuna sumu, kisha chungu kitazunguka. Unakunywa umekaa au umechuchumaa, hunywi umesimama, na mwanamume anavua kofia. Kama hunywi, na wageni wangu wengi wa pwani hawanywi, usisukume chungu wala usikunje uso. Kipokee kwa mikono miwili, mpe anayefuata, basi. Na uniambie mapema: nitaomba kuwe na *amahewu*, kinywaji cha mahindi kilichochachuka kidogo kisicholevya, kinachofanana na togwa yetu. Kuhusu nyama ni vilevile. Durban ina Waislamu wengi, kuku halali hatafutwi kwa tochi, lakini huwezi kumwambia mwenyeji hayo sahani ikiwa tayari mezani.

Adabu nyingine za ndani hazitakusumbua kama ulilelewa na bibi. Geti likiwa wazi, bado unasimama nje mpaka mtu atoke. Mzee hata akiwa mmoja unamsalimu kwa wingi, *sanibonani*, maana heshima yake ndiyo inayobeba huo wingi. Kitu unatoa na kupokea kwa mikono miwili, au kwa wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko. Ukikaribishwa, kaa; kubaki umesimama juu ya kichwa cha mzee aliyeketi hakupendezi. Kijana akikuongelesha macho yakiwa chini hakufichi kitu. Ukimwona mtu amevaa ukanda wa ngozi ya mbuzi mkononi, hiyo ni *isiphandla*, amefanyiwa shughuli ya kwao. Usiishike na usiulize inauzwa wapi. Kuna mgeni aliwahi kuuliza.

Kitu kimoja kitakachokufungulia milango kuliko zawadi yoyote ni majina ya sifa za ukoo, *izithakazelo*. Mtu akijitambulisha kuwa ni Khumalo, mwite Mntungwa. Mkhize ni Khabazela, Buthelezi ni Shenge. Kila ukoo una mlolongo mrefu wa majina hayo, na bibi mmoja anaweza kukutiririshia wa kwake bila kupumua, mababu wote wakipita mmoja mmoja. Kisha atakugeukia: na ninyi je, ni wa kina nani? Hapo ndipo Watanzania wengi hukwama, maana tumezoea kujibu "mimi Mtanzania tu" na kuona tumejibu vizuri. Kwetu ni jibu la kiungwana. Kwake ni mtu anayeficha alikotoka. Andaa ukoo wako, jina la babu, mnyama mnayemwogopa, chochote. Wahaya na Wachaga hung'ara hapa. Wapemba, mtajua wenyewe.

Siku nzima ya Inanda inafaa kwa wanaopenda historia, na mimi huipenda kuliko shisanyama, nyama choma ya huku. Pale Ohlange kuna shule ya John Langalibalele Dube, mwanzilishi wa gazeti la *Ilanga lase Natal* mwaka 1903 na rais wa kwanza, mwaka 1912, wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Mandela alipiga kura yake hapo tarehe 27 Aprili 1994, karibu na kaburi la Dube. Bonde la jirani ndiko Gandhi alikoanzisha makazi yake ya Phoenix mwaka 1904. Yalichomwa katika ghasia za 1985 na baadaye yakajengwa upya. Na Inanda ndiko kwenye eKuphakameni, makao ya kanisa la Isaiah Shembe, lililoanzishwa 1910. Waumini huvaa kanzu nyeupe na kuabudu nje, ndani ya duara la mawe yaliyopakwa rangi nyeupe. Sabato yao ni Jumamosi. Viatu vinavuliwa, wanawake wanafunika vichwa, na kamera inabaki mfukoni mpaka mwenye mamlaka aseme vinginevyo. Aliyezoea kuvua viatu msikitini hapati taabu. Nimeona wanaopata taabu ni Walokole, wanaoanza mjadala wa theolojia kabla hawajapewa hata pa kukaa.

Asubuhi ya Jumamosi ni ya mazishi. Mkesha huwa Ijumaa, ng'ombe amechinjwa, hema limefunga barabara, majirani wanapika kwenye masufuria makubwa uani. Gari letu likikuta hema, tunazima muziki na kutafuta njia nyingine, hatupigi honi. Ukialikwa, mwanamume avae koti, mwanamke afunike kichwa na mabega, na mkitoka makaburini mnanawa mikono getini kabla ya kuingia ndani. Na kuna jambo ambalo laiti kila msafiri angelijua: mtu akifia hospitali au ajalini, jamaa yake huenda mahali pale na tawi la mti wa *umlahlankosi* kuichukua roho na kuirudisha nyumbani. Akipanda teksi huilipia roho nauli ya kiti chake. Njiani haongei na mtu. Kwa hiyo ukimwona mzee kimya ameshika tawi, na kiti cha pembeni yake kinaonekana kitupu, usikikalie na usimsalimu. Hakudharau. Ana abiria.

Sasa lile ambalo mawakala hawaliandiki kwenye matangazo. Mei 2008 wageni Waafrika walishambuliwa katika miji mingi ya nchi hii, na Aprili 2015 zamu ikawa ya Durban: maduka yalivunjwa, watu wakauawa, maelfu wakalala kwenye kambi za mahema. Julai 2021, katika ghasia zilizoua watu zaidi ya 300 KwaZulu-Natal na Gauteng, hofu ilirudi kwa kila mwenye lafudhi ngeni. Kuna neno, *kwerekwere*, tusi kwa Mwafrika mgeni, na unaweza kulisikia likitupwa kwako na kijana aliyekaa ukutani bila kazi. Mjerumani hatalisikia. Ndiyo maana siingizi mgeni KwaMashu bila mtu wa seksheni ileile, anayejulikana kwa jina la baba yake. Mlinzi wa silaha hatufai. Tunahitaji mtu wa kusema "hawa ni wageni wangu", maana ukishakuwa mgeni wa mtu, mtaa mzima una wajibu kwako. Ukivamia peke yako na simu mkononi, huna mwenyewe. Mabweni ya wanaume hatuendi. Bweni la Glebelands kule Umlazi, ambako mauaji yameandamana kwa miaka, usiniombe hata kupita.

Mkianza kuongea siasa, Mtanzania huwa na karata moja anayodhani ni turufu: "Sisi ndio tuliowakomboa." Iache mfukoni. Ni kweli ANC ilikuwa na kambi Kongwa, ilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mwaka 1969, na watoto wake walisoma Mazimbu. Lakini kijana wa miaka 22 asiye na ajira hakukopa kitu Morogoro, na ukimdai atakuuliza mbona sasa mnakuja kwao. Wapo wazee waliopita Mazimbu. Hao watakutajia wenyewe, kwa Kiswahili chao kilichobaki, na wengine watataka kuimba. Waache wao ndio walitaje.

Kwa wanaotaka kiungo cha karibu zaidi na kwetu, kipo, ila si kwa Wazulu. Chatsworth, kitongoji kingine cha Durban, kuna jamii ya Waislamu wanaoitwa Wazanzibari, wajukuu wa watumwa, wengi wao Wamakua, walioachiwa huru na Waingereza na kuletwa Durban kupitia Unguja kuanzia 1873. Walikaa Bluff, humohumo Durban, hadi serikali ya ubaguzi ilipowahamisha. Habari yao inahitaji makala yake.

Kabla hujamlipa wakala yeyote, muulize chakula cha mchana kinapikwa na nani na analipwa lini. Akijibu kwa kuzungukazunguka, achana naye. Mimi namlipa mama mwenye nyumba bei tuliyokubaliana, kabla, mbali na macho ya wageni, ili mkifika awe mwenyeji na si mhudumu. Ukitaka kuongeza, beba sukari, majani ya chai na mafuta, umkabidhi yeye. Watoto usiwape pesa. Isipokuwa shughuli ya *umemulo*, ambapo binti aliyekua anacheza na mkuki mkononi na wageni wanambandika noti: hapo tunza bila woga, kwetu tumezoea. Shanga na vikapu nunua soko la Warwick, mjini, kwa wanaotengeneza, na usishindane bei mpaka mtu akose nauli.

Siku nzuri ni Jumapili, kuanzia saa saba mchana, watu wakishatoka kanisani na sufuria ikiwa jikoni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi usiniombe. Mishahara imetoka, shisanyama zimefurika, magari yamefunga barabara mpaka usiku, na mwongoza watalii wenu naye amepanga foleni ya nyama kama watu wengine.