Ushahidi unaopotea kwanza ndege ndogo inapoanguka porini

Tarehe 29 Januari 2025, ndege aina ya Beechcraft 1900 ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka kiwanja cha machimbo ya mafuta ya Unity, kaskazini mwa Sudan Kusini, ikiwa na watu 21 waliokuwa wakielekea Juba. Walikufa 20. Hapa Uganda, ambako wengi wana ndugu wanaofanya kazi ng'ambo ile ya mpaka, maswali niliyoulizwa yalikuwa yale yanayoulizwa kila mara: je, injini ilizimika, na je, rubani alikuwa na uzoefu? Ni maswali halali. Hata hivyo, mimi hufundisha marubani na wapangaji wa safari namna ya kukokotoa uwezo wa ndege ndogo kuruka, na ninayotaka kujua kwanza ni mambo mengine: ndege ilikuwa na uzito gani, hewa ilikuwa na joto kiasi gani, na njia ya kurukia ilikuwa katika hali gani. Simaanishi kwamba hayo ndiyo yaliyoiangusha ndege ya Unity. Ninachosema ni kwamba katika viwanja vya porini huo ndio ushahidi unaopotea kabla ya mchunguzi kufika.

Tuanze na hewa. Uganda karibu yote iko juu. Entebbe yenyewe, pembeni mwa ziwa, ina mwinuko wa mita 1,150 hivi, na Kisoro inakaribia mita 1,900. Kwa mwinuko wa Kisoro, vipimo vya kawaida vinavyotumiwa na watengenezaji wa ndege hutarajia joto la nyuzi kama 3 za Selsiasi. Mchana wa nyuzi 25 huifanya hewa kuwa nyepesi kama ile ya mita 2,700. Katika hewa hiyo ndege huhitaji kasi ya ardhini iliyozidi ya usawa wa bahari kwa karibu asilimia 14 kabla mabawa hayajaibeba, na kwa kuwa umbali wa kukimbia huongezeka kwa mraba wa kasi, njia inayohitajika hurefuka kwa takribani asilimia 30, hata tukichukulia kwamba injini haijapoteza nguvu yoyote, ilhali mara nyingi nayo hupoteza. La hatari zaidi ni kwamba kipima kasi mbele ya rubani husoma tarakimu zile zile alizozizoea, kwa sababu nacho kinapima hewa hiyo hiyo nyepesi. Dalili pekee ni miti ya mwisho wa kiwanja inayosogea haraka kuliko kawaida.

Kisha kuna ardhi na mzigo. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imewapa marubani wa ndege ndogo makadirio ambayo nayatumia darasani: uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali wa kuruka huongezeka kwa asilimia 20, nyasi zilizolowa huongeza asilimia 30, mteremko wa asilimia 2, ukiwa unaupanda, huongeza 10. Wanafunzi wangu hupenda kuyajumlisha na kupata 60. Hayajumlishwi, huzidishana: 1.2 mara 1.3 mara 1.1 ni karibu 1.72, yaani ndege iliyohitaji mita 500 sasa inahitaji zaidi ya mita 850. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo matatu ambalo peke yake lingemtisha rubani.

Uzito ndio unaodanganya kuliko yote. Viwanja vingi vya hifadhini havina ghala la mafuta, kwa hiyo ndege inayopeleka watalii Kidepo aghalabu hubeba tangu mwanzo mafuta ya kwenda na kurudi. Lita 400 za mafuta hayo zina uzito wa kilo 320 hivi, sawa na watu wanne wenye kilo 80 kila mmoja, na hakuna abiria anayewaona. Halafu huja mizani. Watu wazima huona aibu kupimwa hadharani, mizigo huongezwa mlangoni, na mwenye cheo hakataliwi kwa urahisi. Nadhani ujasiri wa karani anayeshika mizani ni kinga kubwa kuliko vifaa vingi tunavyovisifu.

Tena si kilo tu, ni mahali zilipokaa. Mzigo ukirundikwa nyuma, pua hupanda na rubani anaweza kushindwa kuishusha, mabawa yakapoteza uwezo wa kuinua karibu sana na ardhi. Kinyume chake nacho kinaua. Ndege ya Let L-410 ilipoanguka Bandundu, Kongo, tarehe 25 Agosti 2010, na kuua watu 20 kati ya 21, aliyenusurika aliripotiwa kueleza kwamba mamba alitoka katika begi na abiria wakakimbilia mbele. Watu husimulia kisa hicho kama kichekesho. Kwangu ni somo kamili la kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa ndege husawazika.

Vizuizi vya nje nitavigusa tu: Januari 2003, kiwanjani Busia, upande wa Kenya, ndege iliyobeba mawaziri iligonga nyaya za umeme baada ya kuruka, na Waziri wa Kazi Ahmed Khalif akafariki. Nyaya, angalau, hubaki pale pale kwa mchunguzi kuziona.

Mengine hayabaki. Ndege kama Cessna Caravan, ambayo uzito wake wa juu wa kuruka haufiki tani nne, kwa kawaida hazilazimishwi kuwa na kisanduku cheusi. Mchunguzi husoma mapanga ya propela, kwa kuwa yaliyojipinda na kuchanika huonyesha kwamba injini ilikuwa ikisukuma, na yaliyolala nyuma kwa unyoofu huashiria nguvu ndogo. Hutafuta kadi ya kumbukumbu ya skrini za rubani, hupima mafuta, huangalia vibawa vya ukingo wa nyuma wa mabawa (flaps) vilikuwa vimeshushwa kiasi gani. Vyuma husema mengi juu ya injini. Lakini moto huteketeza mizigo, wasamaria huokoa mabegi na kuyachanganya, jua hukausha nyasi, na joto la saa saba mchana halirudi. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30; hali ya kiwanja hubadilika ndani ya saa tatu.

Kanuni za kimataifa hulitaka shirika litunze hati za maandalizi ya safari kwa miezi mitatu, ila nakala iliyo ndani ya ndege huungua na ndege. Kwa hiyo wapangaji wa safari ninaowafundisha huagizwa kupiga picha ya karatasi ya mizigo, ya kipimajoto na ya nyasi zenyewe, na kuzituma Entebbe au Kajjansi, kiwanja kidogo karibu na Kampala, kabla injini haijawashwa. Mahali pasipo na mtandao, nakala hubaki kwa mlinzi wa kiwanja, ikiwa na saa na sahihi ya rubani.