Je, wajua kwa nini mzee hupata taabu kuinuka kwenye mkeka?

Bibi yangu alikuwa akiinuka mkekani kwa mwendo wake: kiganja chini, goti moja mbele, "Yallah!", keshasimama. Kisha ukafika wakati goti linakaa mbele tu, na mkono unatafuta bega la mjukuu. Nyumbani tulisema ni uzee, tukamsogezea kila kitu karibu.

Uzee umo, ni kweli. Misuli huanza kupungua mtu akiwa na miaka thelathini na kitu, na akishapita 60 kasi huongezeka. Kwenye uti wa mgongo mna neva zinazoiamuru misuli ifanye kazi. Miaka inavyokwenda, baadhi hufa, na nyuzi za misuli zilizozitegemea hunyauka. Zinazoathirika zaidi ni zile nyuzi za nguvu za ghafla, zinazokuinua kutoka chini na kukudaka ukijikwaa kizingitini. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea vizuri hadi msikitini, lakini kuinuka sakafuni kukamshinda.

Lakini nguvu hizo zinarudi. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee 10 dhaifu waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi. Walifanyishwa mazoezi ya kunyoosha goti wakisukuma uzito, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane. Tisa waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha fimbo zao. Walipoacha mazoezi kwa wiki nne tu, theluthi moja hivi ya nguvu zao ikapotea.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu, tena kosa la upendo. "Keti mama, nitakuletea." Maji tunaleta, kanga tunaleta, hata kuku wanalishwa na mtoto. Kila tunapomzuia kuinuka, tunamnyima zoezi ambalo miguu yake inalihitaji.

Cha kufanya hakina gharama. Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani. Mzee akae, afunge mikono kifuani, asimame, akae tena taratibu bila kujibwaga. Akishindwa, ashike mezani kwanza. Aanze na mara tano, aongeze kadiri miguu inavyozoea. Shirika la Afya Duniani linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na ya kujenga mizani ya mwili siku tatu. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au aliyevunjika karibuni amwone daktari kwanza.

Misuli hujengwa na chakula pia, na wazee wengi wanashindia chai na mkate. Wape maharage, mayai, maziwa, samaki. Kama meno yamekwisha, twanga dagaa wawe unga, uchanganye kwenye mchuzi.