Kutu Inayoishika Sumaku

Chukua sumaku ya spika bovu, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, kisha ikokote mchangani Bagamoyo maji yakikupwa, penye ile michirizi myeusi. Itaota ndevu. Nyingi ni magnetaiti, yaani oksidi ya chuma. Sasa sogeza sumaku hiyohiyo kwenye unga wa kutu uliokwanguliwa kwenye bati la paa. Hauji, au unakuja kwa kusitasita.

Vyote viwili ni chuma kilichoungana na oksijeni. Kilichotofautiana ni mpangilio. Kila atomu ya chuma ni kisumaku. Kwenye chuma kitupu, visumaku jirani hutazama upande mmoja. Kwenye kutu kimoja hutazama huku, jirani yake kule, vikabatilishana. Kwenye magnetaiti navyo hupingana, ila kundi moja lina nguvu kuliko jingine, na ziada hiyo ndiyo inayoota ndevu.

Magnetaiti ikisagwa hadi chembe zake ziwe chini ya nanomita 20 hivi (nanomita ni mita 1 iliyogawanywa mara bilioni), joto la kawaida tu linatosha kuzigeuzageuza. Ukiondoa sumaku ya nje, zinasahau zilikuwa zikitazama wapi. Hospitali hupenda usahaulifu huo, kwa kuwa chembe hazinatani ndani ya mshipa wa damu. Anayetaka kutunza kumbukumbu za kompyuta kwa sumaku anaumia.

Tiba yake ilianzia Marekani. Mwaka 1956, watafiti Meiklejohn na Bean waliripoti chembe za metali ya kobalti zilizovikwa ganda la oksidi yake (kutu ya kobalti, tuseme) na kupozwa karibu na sumaku yenye nguvu. Ganda hilo lenyewe halivuti hata sindano, lakini lilipopoa liliishika kobalti ya ndani iendelee kutazama upande uleule. Kuigeuza ikawa kazi, kama kusukuma ngalawa iliyotiwa nanga. Vichwa vinavyosoma diski za kompyuta vimetumia kanuni hiyo.

Ila nanga hiyo ina joto lake. Oksidi ya kobalti hupoteza mpangilio ikifika nyuzi 20 hivi za Selsiasi, na mchana wa Bagamoyo hupita hapo bila kutoa jasho. Chembe zile zikiletwa ufukweni, ganda linalegea. Oksidi ya nikeli hustahimili hadi nyuzi 250 hivi. Kwa hiyo vijana wakiniuliza waanze na kobalti au nikeli, nami huwauliza: hicho kifaa chenu kitakaa wapi?