Franz Adickes na vipande vya ardhi vya Frankfurt

Shamba lenye upana wa hatua chache na urefu wa kupotelea mbali halijengeki. Nyumba ukiibana humo, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na barabara haina pa kupita. Mashamba ya namna hiyo ndiyo yaliyoizunguka Frankfurt am Main mwishoni mwa karne ya 19. Mila ya urithi ya eneo lile ilimpa kila mtoto sehemu yake ya shamba, kisha wajukuu nao wakagawana sehemu hizo. Wakati huohuo reli na viwanda vilikuwa vinaleta watu mjini kwa maelfu. Sisi wa mipangomiji tunapofundisha historia ya fani yetu, hapa ndipo tunapomtaja Franz Adickes, aliyekuwa meya mkuu wa Frankfurt.

Adickes alizaliwa mwaka 1846 huko Harsefeld, kaskazini mwa Ujerumani, akasomea sheria. Mwaka 1873 akawa naibu meya wa Dortmund, baadaye akahamia Altona, jirani na Hamburg, na mwaka 1883 akawa meya mkuu wa mji huo. Msomaji asishangae mtu kuwa kiongozi katika miji mitatu. Umeya katika Ujerumani ya wakati ule ulikuwa kazi ya kitaalamu yenye mshahara. Aliyefanya vizuri katika mji mdogo alichukuliwa na mji mkubwa zaidi, na kipindi kimoja kilikuwa miaka 12. Muda huo ulimtosha mtu kupanga mtaro wa maji machafu na kuuona ukikamilika. Lakini tusiupambe mfumo ule: hakuna meya mkuu aliyeshika ofisi Frankfurt bila idhini ya Mfalme wa Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati ule, na waliopiga kura kuchagua madiwani walikuwa wanaume wenye kipato cha kiwango fulani. Wanawake na vibarua hawakuwa na sauti.

Mwaka 1890 meya wa Frankfurt, Johannes Miquel, aliondoka kwenda kuwa waziri wa fedha wa Prussia. Adickes akaanza kazi mapema mwaka uliofuata, mji ukiwa na watu wapatao 180,000. Mwaka huohuo wa 1891 zilitoka kanuni za ujenzi zilizoigawa Frankfurt katika kanda. Katikati ya mji majengo yaliruhusiwa kurefuka na kusongamana. Kadiri ulivyotoka nje, yalitakiwa kupungua urefu na kuacha nafasi zaidi. Viwanda vilipewa maeneo yake, makazi yakawa na yake. Adickes alikuwa ameanza kujaribu wazo hilo Altona. (Mwaka 1891 ndipo pia utawala wa Kijerumani ulipotoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam, mji ambao baadaye uligawanywa kwa misingi ya rangi. Zana ileile ya kugawa kanda inaweza kumpa mtu hewa safi au kumfungia mlango.)

Kanuni za kanda, hata hivyo, hazikutibu tatizo la vipande vyembamba. Chukua mfano: wenye mashamba kumi wamepakana, tisa wanataka barabara ikatwe na viwanja vipimwe upya, wa kumi hataki. Huyo mmoja anaweza kuwazuia wote, au kungoja hadi anunuliwe kwa bei ya kuumiza. Njia iliyokuwepo ni serikali kutwaa ardhi na kulipa fidia, na kwa mji unaokua haraka hiyo ilikuwa gharama isiyobebeka.

Pendekezo la Adickes lilikuwa hivi. Mashamba yote ya eneo yawekwe pamoja kama mfuko mmoja. Kwanza itolewe ardhi ya barabara na viwanja vya umma. Inayobaki ipimwe upya katika viwanja vyenye umbo la kujengeka, kisha kila mwenye shamba arudishiwe sehemu kwa kadiri ya alichochangia. Anapata ardhi ndogo kuliko ya mwanzo, lakini sasa inapakana na barabara, kwa hiyo thamani yake inaweza kuwa kubwa kuliko ya shamba zima la zamani. Wenzetu walioshiriki urasimishaji wa makazi nchini Tanzania wanayajua mazungumzo haya: mpimaji kabla hajaweka bikoni, yaani alama za mipaka, kila mtu anaulizwa yuko tayari kuachia kiasi gani ili njia ipite.

Sehemu iliyozua ugomvi ni kwamba aliyekataa angeweza kulazimishwa. Adickes alikuwa na kiti katika baraza la juu la bunge la Prussia, akapeleka muswada huko mwaka 1892. Baraza la juu lilikubali, la chini likaukwamisha, kwa hoja kwamba haki ya mmiliki inavunjwa. Hakukata tamaa. Sheria ilipatikana mwaka 1902, miaka kumi baadaye, tena kwa mji wa Frankfurt peke yake. Mpaka leo inaitwa Lex Adickes, Kilatini cha “Sheria ya Adickes”. Binafsi naona miaka hiyo kumi ni sehemu muhimu zaidi ya maisha yake ya kazi kuliko jengo lolote aliloliacha, kwa sababu wengi wetu tungeridhika kuchora ramani nzuri na kuilaumu sheria.

Mwaka 1904 mji ukaanza kutoza kodi juu ya ongezeko la thamani ya ardhi. Aliyeuza shamba lililopanda bei kwa sababu mji ulimfikishia barabara alirudisha sehemu ya faida kwa mji.

Mji wenyewe uliendelea kupanuka. Bockenheim iliunganishwa mwaka 1895, na mwaka 1910 vikaingizwa vijiji na miji midogo 11 kwa mkupuo. Sensa ya mwaka huo ilihesabu zaidi ya watu 414,000. Bandari mpya ya mashariki, Osthafen, ilianza kujengwa mwaka 1908 na kufunguliwa 1912, ikiwa na mabwawa ya kuegeshea meli, reli na viwanja vya viwanda vilivyopangwa pamoja tangu mwanzo. Gharama nyingine zilikuwa za kuuma: ili kupitisha mtaa wa Braubachstraße katikati ya mji mkongwe, nyumba nyingi za kale zilibomolewa.

Adickes aliacha kazi mwaka 1912, afya ikiwa imezorota. Chuo kikuu alichokipigania pamoja na mfanyabiashara Wilhelm Merton kilifunguliwa mwaka 1914 kwa michango ya raia, wengi wao Wayahudi wa Frankfurt. Yeye alifariki Februari 1915.

Sheria yake ilivuka mipaka ya mji. Mwaka 1918 Prussia iliruhusu ugawaji upya wa namna hiyo katika miji yake yote, na Tokyo ilipoteketea baada ya tetemeko la mwaka 1923, wapangaji wa Japani walitumia mbinu ya aina hiyohiyo kuchora upya mitaa. Nchini Ujerumani utaratibu huo umo katika sheria ya ujenzi inayotumika sasa, kuanzia kifungu cha 45, na mwenye kiwanja asiyeridhika na alichogawiwa ana haki ya kwenda mahakamani.